Walezi wa wanafunzi wa uuguzi Tabora mjini, maoni yangu baada ya miaka mitatu ya kwenda mwembeni

Kuna mdogo wangu wa upande wa mama kapata nafasi ya diploma ya uuguzi hapa Tabora, akaniuliza dada hivi wale walezi wa Jumamosi ni wa kweli au ndo wale wa kuchangisha hela za watu halafu wanapotea. Nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona inazidi kurefuka, nikasema bora niandike yote mara moja na wengine wasome, maana najua kila mwaka wanakuja watoto wapya na hawajui pa kushika.

Kwanza niseme wazi ili msije mkaniona nimeficha, mi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Tabora na wa hapo mwembeni tangu NTA level 4, yaani mwaka wa kwanza, mpaka nimemaliza level 6 ambayo ndo diploma, na sasa hivi nikiwa najitolea kwenye kituo kimoja cha afya huku nasubiri ajira huwa naenda kusaidia Jumamosi ambazo sina zamu. Kwahiyo nawapenda. Lakini mabaya yao nayajua pia na nitayasema.

Ni kitu gani hasa. Ni manesi na wakunga, wengine wastaafu wengine bado wako kazini, wanakutana na wanafunzi wa uuguzi kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana uani kwa mama mmoja mkunga mstaafu, upande wa Isevya. Uani kuna mwembe mkubwa kama ile mingine ya hapa mjini, chini yake mabenchi matatu na meza moja ya mbao iliyolegea mguu. Kibao hawana, ofisi hawana, hata jina hawana, sisi tunasema tu "naenda mwembeni" na mtu anaelewa. Mchango ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa anayeweza, ya chai na fotokopi, na usipokuwa nayo hakuna anayekuuliza mbele za watu. Daftari la michango analishika mama mwenyewe na sijawahi kusikia jina la mtu limetajwa kwamba hajatoa, miaka yote mitatu.

Wanapokea yeyote lakini tangu mwanzo wamejiwekea kwamba macho yao yako kwa wale ambao darasani ni wachache, yaani yule ambaye akiangalia kushoto na kulia haoni mtu wa kwao. Mwaka wetu tulikuwa 9. Kulikuwa na wavulana wawili kwenye darasa ambalo karibu wote ni wasichana, dada mmoja wa Kitaturu kutoka upande wa Igunga ambaye kwao hakuna binti aliyewahi kuvuka form four kabla yake, dada mmoja mwenye ualbino, na sisi wanne wa Ulyankulu, halafu mmoja wa huku mjini ambaye alikuja tu kwa sababu rafiki yake alikuwa anakuja na akabaki.

Kwa wasiojua Ulyankulu, ni yale makazi yaliyo Kaliua, babu na bibi zetu waliingia huko 1972 wakikimbia mauaji Burundi. Watu wengi wanatujua kwa kwaya za Barabara ya 13 na hawajui zaidi ya hapo. Uraia wa Tanzania ulipitishwa 2010 ila vyeti vyenyewe vikaja kuanza kutolewa 2014, kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mi nimezaliwa Tanzania, nimesoma Tanzania, sijawahi kuvuka mpaka hata siku moja, lakini siku ya kwanza hosteli niliposema natoka Ulyankulu mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza "kwahiyo wewe ni mkimbizi?" na hakuwa na ubaya, aliuliza tu. Jina likabaki hivyo hivyo. Wakinitafuta wanasema muiteni yule mkimbizi.

Sasa hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu ndo sababu ya mimi kuandika. Watu wanadhani mwanafunzi anaacha chuo kwa sababu kafeli. Mi niliyoyaona sio hivyo. Mtu anaanza kuacha chuo mapema sana, siku ambayo amecheka ili asilie, kesho yake kakaa dawati la nyuma, wiki inayofuata hajaenda wodini kwa sababu hana nauli na hataki kukopa kwa mtu, logibuku, lile daftari la kusainiwa kazi ulizofanya wodini, inabaki wazi, halafu kosiweki, yaani maksi za kabla ya mtihani wa mwisho, inashuka, halafu ndo inakuja sapu, mtihani wa kurudia, na kufikia hapo ofisi inaandika "amedisko", yaani kaondolewa chuo kwa kufeli, kana kwamba kilianza siku hiyo. Hizo siku ndogo ndogo hakuna anayezihesabu. Wale mama wa mwembeni wanazihesabu, na hiyo ndo huduma yenyewe, mengine yote ni nyongeza.

Nitoe mfano wangu. Semista ya pili ya mwaka wa kwanza nilisimama kutoa presentesheni ya anatomia, sisi ulimi wetu unapenda r, nikasema "river" badala ya liver. Darasa likacheka. Ningevumilia, lakini mwalimu naye akacheka akasema huyu bado hajatoka kambini. Chuo sitakitaja na mwalimu simtaji, sina kesi naye. Ila niliporudi kukaa mikono ilikuwa inatetemeka mpaka kalamu imedondoka. Jioni ile ile nikapokea meseji ya baba kwamba hela ya awamu ya pili ya ada bado, tumbaku imeuzwa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, ila malipo hayajatoka. Nikakunja nguo zangu kwenye begi. Sikumwambia mtu. Nilipanga niondoke Jumatatu na basi la asubuhi.

Jumamosi nikaenda mwembeni, sio kuaga, nilikuwa na kitabu cha fiziolojia cha mtu nikataka kukirudisha. Mama alikuwa anamenya viazi. Akanitazama akasema "Umekula?" Nikasema nimekula. Akasema "umekula nini?" Nikashindwa kujibu maana sikuwa nimekula. Akanipa kisu na beseni nikae nimenye, hakuniuliza lingine mpaka viazi vikaisha. Halafu akaniuliza mambo manne kwa utaratibu, unadaiwa shilingi ngapi, tarehe ya mwisho lini, wodini umekosa siku ngapi, na nani kakusema. Nikamjibu yote. Nililia kwenye lile la nne.

Hakuniambia usijali. Hakuniambia Mungu atafanya njia, ingawa ni mtu wa kanisa sana. Alisema "mwanangu, mgonjwa hatakufa kwa sababu umesema river. Atakufa ukimhesabia vibaya." Halafu akaendelea, na hii ndo inayonifanya nimheshimu mpaka leo, akasema lakini hiyo r na l tutaifanyia kazi, si kwa ajili ya wanaocheka, ni kwa ajili ya zamu. Kwenye makabidhiano ya zamu kuna dawa zinafanana kwa sauti, Lasix na Losec, moja inamtoa mtu maji mwilini nyingine ni ya asidi tumboni, ukiitamka kwa haraka na mwenzako kachoka saa moja asubuhi anaweza kusikia nyingine. Kwahiyo akanifundisha jina la dawa usiliseme tu, liandike, taja na jina lake lingine, furosemaidi, omeprazoli, na mwenzako alirudie kwa mdomo wake. Mpaka leo kazini nafanya hivyo na wenzangu wameiga. Yaani kile kitu nilichochekewa kikawa sehemu ya usalama wa mgonjwa, sikuwahi kufikiria hivyo.

Kuhusu ada aliandika na mimi barua siku hiyo hiyo, kwa mkono, kwamba mzazi ni mkulima wa tumbaku, mzigo umeshapimwa chama cha msingi, tunaomba kulipa awamu ya pili malipo yakitoka, na tukaambatanisha picha ya stakabadhi ambayo baba alituma WhatsApp. Akasema peleka Jumatatu kabla ya saa nne, usisubiri wiki ya mtihani wakuzuie mlangoni, maana mhasibu anayeombwa mapema anakuwa binadamu, anayeombwa mlangoni anakuwa askari. Nilipeleka. Wakakubali. Hii ya ada za watoto wa wakulima wa tumbaku walezi wengine wa mjini hawaielewi kabisa, wanadhani mzazi anazembea, kumbe ada inatakiwa chuo kinapofunguliwa na hela ya tumbaku ya msimu uliopita imeshaliwa na mbolea ya msimu mpya. Kalenda mbili hazikutani. Mtu akishalijua hilo anakusaidia kupanga mwaka, sio kukulaumu.

Begi nililikunjua Jumapili.

Nije kwenye mafunzo yenyewe. Wengi wanaenda kwa ajili ya haya na ni mazuri kwakweli. Sitaki kudanganya kwamba wanafundisha kila kitu, hawafundishi silabasi, wanachukua vile vitu ambavyo darasani vinapita haraka na wodini kila mtu anadhani unajua. Mfano hesabu za dripu. Darasani nilikuwa nimekariri fomula. Mama akaning'iniza chupa ya lita moja kwenye tawi la mwembe kwa kamba ya katani, ndani maji ya bomba, na seti ya zamani, ule mpira wa kupitisha dripu, akasema lita hii iishe kwa masaa 8, seti ni ya matone 20 kwa mililita, haya nipe matone kwa dakika. Mililita 1,000 mara 20 ni 20,000, gawa kwa dakika 480, inakuja 41 na kitu, unaweka 42. Sawa, nimejibu. Akasema haya sasa yaweke.

Hapo ndo nikagundua sijui. Ile gurudumu ya kurekebishia ukiisogeza kidogo yanakimbia, ukirudisha yanasimama. Tulisimama pale na saa ya mkononi, akatufundisha usihesabu dakika nzima kwanza, hesabu sekunde 15, ukipata 10 au 11 uko karibu, ndo sasa uhakikishe na dakika nzima. Halafu akainua chupa juu kidogo matone yakabadilika, akatuonyesha kwanini mgonjwa akiinuka kitandani lazima urudi kuhesabu tena. Halafu akabadilisha seti akaweka ya matone 15 bila kutuambia, wote tukaweka 42, akatuambia mmemmaliza mgonjwa wangu, hakuna aliyesoma pakiti. Ilitakiwa 31. Toka siku hiyo sijawahi kufungua seti bila kusoma pakiti yake. Hakuna mtihani wa ospe, ule wa vitendo, ulionifundisha kama ule mwembe.

Logibuku nayo. Hili nawaambia wote mnaoanza, isainiwe siku ile ile. Mwembeni kila Jumamosi kabla ya chai logibuku inawekwa mezani, wazi, na mlezi anapitisha macho, umemsaidia mama kujifungua Jumanne mbona hapajasainiwa, nani alikuwa anakusimamia, rudi Jumatatu. Inakera, nakubali. Lakini nimeona wenzangu wasiokuwa na wa kuwakera mwisho wa mwaka wanamtafuta nesi aliyehamishiwa wilaya nyingine na simu yake haipatikani, na kazi walifanya kweli kwa mikono yao.

Yule dada mwenye ualbino, yeye shida yake ilikuwa macho. Maandishi ya kwenye ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano, ni madogo hata kwa sisi, kwake ilikuwa kila zamu ni hofu, na alikuwa anaona aibu kuuliza mwenzake amsomee kwa sababu wangesema nesi gani haoni. Mlezi wake, ambaye ni nesi wa watoto, alimtafutia lenzi ndogo ya mkononi ya kuning'iniza shingoni pamoja na kitambulisho, na akaenda naye kwa sista wa wodi kumwombea meza ya dawa ihamie karibu na dirisha. Vitu viwili tu. Lenzi na dirisha. Na kwenye zile safari za kwenda vijijini kwenye chanjo akasisitiza kofia pana na mikono mirefu, ruhusa ya yunifomu akaiomba yeye kwa chuo. Huyo dada sasa hivi ni nesi mzuri kuliko mimi na nasema hivyo bila kujipunguza.

Kuna Jumamosi moja mama alitusimulia habari za Mary Mahoney, Mmarekani mweusi, wa kwanza mweusi kuhitimu uuguzi kwa mafunzo rasmi kule Marekani, 1879, hospitali moja ya wanawake na watoto Boston. Inasimuliwa waliingia kwenye kozi 42 wakamaliza 4, yeye mmoja wao. Wote tukasema woow, jasiri. Mama akasema sawa, jasiri, lakini mi kila nikiisoma namuwaza yule wa tano. Yule aliyebakiza kidogo tu. Alikosa nini? Hakuna aliyeandika. Tukanyamaza. Baadaye nilikuja kusoma kwamba manesi weusi wa huko walianzisha chama chao 1908 kwa sababu vyama vya wengine vilikuwa vinawabania, na kingine kikaja 1971 kipo mpaka leo na kulea wanafunzi ni moja ya kazi zake. Kwahiyo hiki kitu cha mwembeni sio uzushi wa mama mmoja wa Isevya, wenzetu wamekifanya miaka mingi kwa watu wao walio wachache na serikali yao imewahi kutenga hela kwa ajili hiyo. Hapa kwetu tuna viazi na benchi.

Mtu ataniuliza lakini chuoni si kuna mlezi wa darasa? Yupo. Darasa letu lilikuwa na mmoja, mwalimu mzuri tu, ila ana wanafunzi wengi na yeye ndo anasahihisha mitihani yako. Nani anaenda kumwambia mtu mwenye kalamu nyekundu kwamba sijaelewa tangu wiki ya tatu? Mlezi anatakiwa asiwe na maksi zako mkononi. Mwembeni hakuna anayekupa maksi kwahiyo unasema ukweli, na ukishasema ukweli ndo unasaidika.

Na kitu kingine ambacho sikukitegemea, lugha yangu. Mwaka wa pili tuko wodi ya wanawake, kaletwa bibi mmoja usiku na mjukuu wake, mjukuu katoka kutafuta chakula, bibi anahangaika, anashika tumbo, anaongea na hakuna anayemuelewa, manesi wanasema bibi tulia bibi tulia. Mi niko kwenye kona nakunja mashuka. Nikasikia ni Kirundi. Na nikaogopa, kweli kabisa niliogopa, kwa sababu nikifungua mdomo wote watajua tena. Nikakumbuka mlezi wangu aliwahi kuniambia siku utakayoificha lugha yako wodini, jiulize nani anaumia. Nikasogea nikamwambia "Amahoro, bibi," akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Kumbe alikuwa anasema hajapata mkojo tangu asubuhi. Ni hicho tu. Akawekewa katheta, mpira wa kutoa mkojo, ukatoka mwingi sana, akalala. Sista wa zamu akaniambia asante, kesho ukae karibu yake. Kuanzia wiki ile akija mgonjwa wa Ulyankulu naitwa kwa jina langu, na lile jina lingine taratibu likapotea lenyewe.

Sasa mabaya, maana hii si tangazo.

La kwanza, ni watu wachache sana na wote wanajitolea. Mlezi wangu wa kwanza alipata uhamisho, akaondoka, na mi nikakaa karibu miezi mitatu sina mtu, kila Jumamosi naambiwa subiri tunakutafutia. Miezi mitatu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni mingi. Kama sio mama mwenyewe kunichukua nisingekuwepo.

La pili, kila kitu kinamtegemea huyo mama. Akiumwa hakuna kikao. Mvua ikinyesha hakuna kikao, na masika ya Tabora mnayajua, kuna kipindi tulikosa Jumamosi tatu mfululizo kwa sababu ya mwembe kuvuja, na hakuna aliyesema basi tuhamie sebuleni au kwenye ukumbi wa kanisa lolote. Nimewaambia hili zaidi ya mara moja.

La tatu, sio kila nesi mzuri ni mlezi mzuri. Kulikuwa na mmoja, simtaji, yeye kila kitu ilikuwa sisi enzi zetu tulipigwa, sisi enzi zetu hatukulala, nyie mnadekezwa. Ukienda kwake na shida unatoka na shida mbili. Kuna wenzetu walikimbia kwa sababu yake na kikundi kilichelewa kumwambia ukweli kwa sababu ni mkubwa kwa umri. Mi naona heshima ni kitu kizuri lakini hapa iliwagharimu watoto wa watu. Ukipangiwa mtu wa namna hiyo omba kubadilishiwa, usiondoke, omba, siku hizi wanabadilisha bila maswali.

La nne ndo linaloniuma. Nilisema mwaka wetu tulikuwa 9. Tulimaliza 8. Aliyeondoka ni mmoja wa wale wavulana wawili. Alikuwa na akili, mikono mizuri ya kuweka kanula, kile kisindano cha dripu kwenye mshipa, kuliko sisi wote, akiigusa tu inaingia. Lakini wodi ya wazazi ilimshinda, akina mama wengine walikuwa wanamkataa, ndugu zao wanamfukuza, akirudi kwao upande wa Urambo vijana wenzake wanamuuliza unasomea kuvaa gauni? Alihitaji mwanaume aliyepita njia hiyo amwambie unaingiaje, unajitambulishaje, unamuombaje mama ruhusa kabla hujagusa pazia. Walezi wote walikuwa wanawake. Walimpenda, walimpa chai, ila hilo hawakuwa nalo. Akaacha kuja mwembeni Jumamosi moja, ya pili, ya tatu. Sote tulimuona hayupo. Hakuna aliyempigia, mimi nikiwemo, kila mtu alidhani mwenzake kampigia. Wiki ya tano tukasikia yuko machimboni.

Baada ya hapo ndo wakabadilika. Sasa hivi wana walezi wanaume wawili, mmoja ni nesi wa chumba cha upasuaji na mwingine ni mkunga, ndiyo mkunga mwanaume, na wavulana wa mwaka huu wako sita na hawajatikisika. Na wakaweka utaratibu, ukikosa Jumamosi mbili bila taarifa mtu mmoja anatajwa kwa jina kwamba fulani ndo atakayempigia, na asipopokea ndo atakayeenda hosteli kwa miguu yake. Sio "tutampigia". Fulani.

Kwahiyo nikitoa nyota nitatoa nne kwa tano. Ile moja ni ya yule kaka.

Kwa anayetaka kwenda: Jumamosi saa nane, na saa nane yao ni saa nane kweli, chai inaanza saa tisa na nusu ila ukifika kwa ajili ya chai utajulikana tu. Njoo na logibuku, daftari la hesabu za dawa na saa yenye mshale wa sekunde, ya elfu tano pale sokoni inatosha, simu hawaitaki kwa sababu wodini hutaruhusiwa kuishika ukiwa na glovu. Wanafunzi wa level 6 wanaojiandaa na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga wana benchi lao na huwa wanabaki mpaka jioni. Kwa grupu la WhatsApp weka mute, kuna salamu za asubuhi na maua kila siku, ila usijitoe maana mabadiliko ya ratiba yanatangazwa humo humo. Kama unatoka mbali na umekuja na michembe au matobolwa ya nyumbani lete, mama anapenda, na usione aibu kwamba ni chakula cha kijijini, hapo ndo kinaisha cha kwanza. Kama unachotafuta ni mtu wa kukupa maswali ya mtihani, usiende, hawatoi na watakuambia hivyo siku ya kwanza.

Mdogo wangu, nenda. Utapangiwa mlezi na huenda nikawa mimi au huenda nisiwe, haina shida.

Naishia hapa kwa sababu nina safari. Kuna binti wa mwaka wa kwanza, wa Ulyankulu pia, hajaonekana Jumamosi mbili na simu inaita tu haipokelewi, na jana jina lililotajwa ni langu. Hosteli yao wanafungua geti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nataka nimkute kabla hajatoka.